Daniel Bernoulli na Msukumo wa Maji

Tangu bomba la maji lilipofika katika kiwanja cha kanisa letu, maneno yamekuwa mengi kuliko maji yenyewe. Wengine husema tangi la kilimani limewekwa mahali pasipofaa. Wengine humlaumu fundi. Na katika mkutano uliopita wa halmashauri ya mtaa, mzee wetu mmoja, mtu wa heshima na mwenye kuipenda kazi ya kanisa, alitoa shauri juu ya lile bomba la inchi 2 literemkalo kwenda zahanati. Bomba hilo limeliwa na kutu na halina budi kubadilishwa. Shauri lake ni kwamba mahali pake tuweke la inchi 1, kwa sababu bomba jembamba huyapa maji nguvu, na tena ni la bei nafuu. Wengi waliafiki. Nasi tulikuwapo, na twakiri kwamba tulinyamaza, kwa kuwa katika miaka yetu ya ualimu tuliwafundisha watoto jambo linalofanana sana na hilo, tena kwa kujiamini.

Tulipofika nyumbani tulikaa na kufikiri. Kisha tukakumbuka habari za mtu mmoja tuliyemsoma zamani chuoni, ambaye ndiye wa kwanza kupima jinsi maji yanayokwenda yanavyosukuma kuta za bomba. Maisha yake yana mafundisho ya maji, na pia yana kisa cha baba na mwana ambacho hakikutuacha tulale upesi. Mhariri ametupa kurasa, basi na tuanze.

Daniel Bernoulli alizaliwa tarehe 8 Februari 1700 katika mji wa Groningen, Uholanzi, ambako baba yake, Johann, alikuwa akifundisha hisabati. Lakini kwao hasa ni Basel, mji wa Uswisi ulio kando ya mto Rhine. Wazee wao wa kale walikuwa Waprotestanti wa Antwerp, waliokimbia katika karne ya 16 wakati watawala wa Kihispania walipowatesa watu wa imani yao. Kwanza walikaa Frankfurt, na baadaye kizazi kingine kikahamia Basel. Walikuwa watu wa biashara, na babu yake Daniel aliuza viungo na dawa.

Wa kwanza katika ukoo huo kuiacha biashara kwa ajili ya hisabati alikuwa Jakob, baba mkubwa wa Daniel. Yeye alisomeshwa theolojia kwa matakwa ya baba yake, huku akijifunza hisabati kinyume cha matakwa hayo. Johann naye alitakiwa awe mfanyabiashara. Akashindwa, akaruhusiwa kusomea udaktari, na hisabati akafundishwa na kaka yake huyo huyo Jakob. Hatimaye ndugu hao wawili wakagombana juu ya nani mjuzi zaidi, na ugomvi wao wakautia katika magazeti ya wataalamu, kila mtu akausoma. Jakob alipofariki mwaka 1705, Johann alirudi Basel na jamaa yake yote akashika kiti cha marehemu katika chuo kikuu. Daniel alikuwa mtoto wa miaka 5.

Ungedhani kwamba Johann, aliyeonja uchungu wa kulazimishwa kazi asiyoipenda, angemwachia mwanawe njia. Haikuwa hivyo. Alimtaka Daniel awe mfanyabiashara. Kijana alipelekwa kujifunza kazi hiyo, akashindwa. Akapelekwa tena, akashindwa tena. Mwishowe baba alikubali asomee udaktari, kama yeye mwenyewe alivyofanya. Hisabati Daniel alifundishwa na kaka yake mkubwa, Nikolaus, na baadaye kidogo na baba yake pia, ambaye alimweleza fikira moja iliyokuwa mpya wakati ule: kwamba kitu kikishuka, kile kilichopungua katika kimo chake huonekana katika mwendo wake, na kikirushwa juu, mwendo hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Waliiita nguvu hai. Wasomaji wetu waishike fikira hiyo, maana tutaikuta tena ndani ya bomba.

Daniel alisoma Basel, Heidelberg na Strasbourg, na mwaka 1721 akapata shahada ya udaktari kwa andiko juu ya kuvuta pumzi. Akaomba kazi ya kufundisha katika chuo cha kwao. Siku zile huko Basel, wakiisha kuchagua watu wachache wanaofaa, mmoja wao alipatikana kwa kupiga kura, kama Mitume walivyofanya walipomchagua Mathiya. Daniel aliomba mara mbili, na mara zote mbili kura ikamwangukia mwingine.

Akaenda Italia kuendelea na udaktari. Huko aliugua sana, lakini mwaka 1724 alichapisha Venice kitabu chake cha kwanza cha hisabati, na mwaka 1725 akapata tuzo la Chuo cha Sayansi cha Paris kwa kubuni saa ya mchanga ya kutumiwa melini, isiyoharibiwa na mawimbi. Sifa zake zikafika Urusi. Mfalme Petro Mkuu alikuwa ameanzisha Chuo cha Sayansi katika mji wa Petersburg, na alipofariki, mjane wake Katarina aliendeleza kazi hiyo. Daniel na kaka yake Nikolaus wakaitwa wote wawili, wakaenda pamoja mwaka 1725. Kabla ya mwaka kwisha Nikolaus alishikwa na homa, akafa. Hivyo Daniel alimpoteza mwalimu wake wa kwanza katika nchi ya ugeni na ya baridi kali. Faraja ilikuja mwaka 1727, alipofika kijana mwingine kutoka Basel, Leonhard Euler, mwanafunzi wa Johann. Euler naye akaja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa dunia, na urafiki wao ulidumu kwa barua baada ya kutengana.

Ni katika miaka hiyo ya Petersburg Daniel alipoyashughulikia maji. Alikuwa daktari, na daktari wa zama zile aliyesoma kitabu cha Mwingereza William Harvey, kilichotoka mwaka 1628, alijua kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Basi mwili una mabomba. Lakini damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kiasi gani inapokuwa inakwenda? Hakuna aliyejua kuhesabu.

Mambo mawili yalikuwa yamekwisha julikana. La kwanza ni la mtawa wa Italia, Benedetto Castelli, mwaka 1628: mto ukipita mahali pembamba, maji huongeza kasi. Maji yanayoingia lazima yatoke, wala hayawezi kujibana kama pamba. Ukilipunguza bomba hata nafasi yake ya ndani iwe nusu, maji hapo yatakwenda kasi mara mbili. La pili ni la Mwitalia mwingine, Torricelli, mwaka 1644: maji yanayotoka katika tundu la chini ya tangi hutoka kwa kasi ile ile ambayo jiwe lingeipata kwa kuanguka kutoka usawa wa maji mpaka kwenye tundu.

Na maji yaliyosimama, msukumo wake ulijulikana vizuri. Vitabu vya shule huuita kanieneo, ila sisi hapa tutasema msukumo. Unategemea kimo tu. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta msukumo wa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Upana wa bomba hauhesabiwi kabisa. Koki zikifungwa zote, bomba la inchi 1 na bomba la inchi 2 litokalo katika tangi lile lile husukumwa sawasawa.

Swali la Daniel lilikuwa: koki ikifunguliwa je? Kwa fikira aliyoipata kwa baba yake, alijibu hivi. Maji yaliyo tangini yana kimo, na kimo hicho ni kama akiba. Yakisimama bombani, akiba yote huonekana kama msukumo juu ya kuta. Yakianza kwenda, sehemu ya akiba hutumika kuyapa mwendo, na msukumo hubaki na salio. Kwa hiyo mahali maji yanapokwenda kasi zaidi, pale ndipo yanaposukuma kuta kidogo zaidi, na wala si kinyume chake.

Hakutosheka na hesabu. Alitoboa ukuta wa bomba, akachomeka mrija mwembamba wa kioo wenye kusimama wima, akatazama maji yanapanda mpaka wapi ndani yake. Wasomaji wengine wanaweza kufanya hivyo nyumbani. Chukulia tangi ambalo usawa wa maji yake uko mita 4 juu ya bomba, na mwisho wa bomba una kifuniko chenye tundu. Ukiziba tundu, maji katika mrija hupanda mita 4 kamili, sawa na tangi. Ukifungua tundu lenye eneo la robo ya bomba, maji ndani ya bomba hupata robo tu ya kasi ya maji yatokayo, na mrija huonyesha mita 3 na sentimita 75. Tundu likiwa nusu ya bomba, mrija hushuka hadi mita 3. Ukiondoa kifuniko chote, maji yapite bila kizuizi, mrija huwa mtupu: maji yanapita kwa kasi yote, na ukuta hausukumwi. Hizo ni hesabu za bomba fupi, laini, ambamo maji hayakwaruzi kuta. Bomba la kweli hupungukiwa kidogo, na Daniel mwenyewe alijua, maana vipimo vyake havikulingana kabisa na hesabu zake, naye alitaja kukwaruza huko.

Sisi tulipoielewa habari ya mrija huo mara ya kwanza tuliona haya. Miaka mingi tuliwachukua watoto uani, tukawaonyesha mpira wa kumwagilia maua, tukaziba nusu ya mdomo wake kwa kidole gumba, maji yakaruka hadi kwenye ua wa jirani. Tukawaambia: mnaona, mahali pembamba huyapa maji nguvu. Watoto waliandika. Kumbe katika tangi fupi lisilo na mpira, ukipunguza tundu maji hutoka kwa kasi ile ile ya zamani, ila ni machache. Torricelli alikwisha yasema hayo. Kinachotokea katika mpira ni kitu kingine. Mpira ni mrefu, na maji yanapokwenda kasi ndani yake hukwaruza kuta njia nzima, akiba ya kimo ikaliwa kabla ya kufika mdomoni. Ukiweka kidole, maji ndani ya mpira hupunguza mwendo, hayakwaruzi sana, na msukumo unafika mzima karibu ya kidole, ndipo yakaruka. Nguvu haikuletwa na wembamba. Iliokolewa kwa sababu maji yaliyopita yalikuwa machache. Weka ndoo uone itachukua muda gani kujaa, kwa kidole na bila kidole.

Jambo la ajabu ni kwamba karibu wakati ule ule padri mmoja wa Kanisa letu la Kianglikana, Stephen Hales wa Teddington, Uingereza, alikuwa akichomeka mrija wa kioo katika mshipa wa farasi aliye hai, naye aliona damu ikipanda zaidi ya futi 8. Kitabu chake kilitoka mwaka 1733. Huyo alipima damu, Daniel akapima maji, hakuna aliyemfuata mwenzake. Tukienda zahanati leo na kufungiwa kile kitambaa mkononi kupimwa presha, kazi ya muuguzi ina asili yake katika mirija ile. Kitambaa chenyewe kilibuniwa na daktari Mwitalia, Riva-Rocci, mwaka 1896, nasi tumshukuru, maana hakuna anayetamani kuchomekwa kioo cha futi 9.

Mwaka 1733 Daniel aliondoka Urusi. Sehemu kubwa ya maandiko yake juu ya maji yalikuwa tayari, na nakala moja aliiacha Petersburg. Alirudi Basel pamoja na mdogo wake, Johann wa pili, akapewa kazi ya kufundisha maungo ya mwili na elimu ya mimea. Haikuwa kazi aliyoitaka, lakini alikuwa nyumbani.

Furaha ya nyumbani haikudumu. Mwaka 1734 Chuo cha Paris kilitoa tuzo kwa swali moja juu ya njia za sayari. Baba alituma jibu lake, mwana akatuma lake. Chuo kikaona majibu yote mawili yanastahili, kikagawa tuzo kati yao. Mzazi mwingine angechinja mbuzi na kuita majirani. Johann alikasirika. Newton na Leibniz walikwisha fariki, naye alihesabiwa kuwa mwanahisabati wa kwanza wa Ulaya. Kuwekwa mizani moja na mtoto aliyemfundisha mwenyewe hakukuvumilia. Akamfukuza Daniel nyumbani kwake.

Daniel aliendelea na kitabu chake. Kilichapishwa Strasbourg mwaka 1738, kwa Kilatini, kwa jina la Hydrodynamica. Mna humo habari za maji katika matangi na mabomba, pampu, mashine za kuinua maji, hata hesabu ya chombo kinachosukumwa mbele kwa maji yanayotupwa nyuma. Katika sura moja alieleza kwamba msukumo wa hewa hutokana na chembe ndogo mno zinazogonga kuta za chombo bila kukoma, fikira ambayo wataalamu hawakuishika barabara mpaka karne iliyofuata. Na juu ya ukurasa wa kwanza, chini ya jina lake, aliandika kwamba yeye ni mwana wa Johann. Wengine wamesema hiyo ilikuwa desturi tu, maana ukoo ule ulikuwa na majina yanayorudiarudia. Huenda. Sisi tumelea watoto na kufundisha wa wenzetu, na twaona kwamba mtu aliyefukuzwa angeweza kuliacha jina hilo, naye hakuliacha.

Baba naye aliandika kitabu cha maji. Kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1740 kwa jina la Hydraulica, na juu yake Johann alitia mwaka 1732, ili ionekane kwamba aliyajua hayo yote kabla ya kitabu cha mwanawe. Haikuwa kweli. Daniel alimwandikia Euler kwa uchungu mkubwa, akisema kwamba amenyang'anywa kazi yake yote ya miaka kumi, na kwamba heri angejifunza ushonaji wa viatu kuliko hisabati. Zaidi kilichomuumiza ni kwamba Euler, rafiki yake, alikisifu kitabu cha mzee.

Hapa lazima tuwe waadilifu, hata kwa Johann. Waliovichunguza vitabu hivyo viwili husema kwamba njia ya Johann ya kufikia majibu si ile ya mwanawe. Yeye alianza na nguvu zinazosukuma kila kipande cha maji, na njia hiyo ndiyo iliyomsaidia Euler baadaye. Mlinganyo ambao vitabu vya shule huuita wa Bernoulli uliandikwa kwa umbo la leo na Euler katika miaka ya 1750. Kwa hiyo Johann hakuwa mtu asiye na kitu cha kwake. Alikuwa na cha kutosha, kikaonekana, na bado akabadilisha tarehe. Tumesahihisha mitihani zaidi ya miaka thelathini, na katika wanafunzi tuliowakamata wakinakili, waliotushangaza daima ni wale ambao wangefaulu wenyewe. Johann alifariki tarehe 1 Januari 1748.

Daniel alikuwa hai miaka mingine 34. Hakuoa. Hisabati za maji hakuzirudia kwa ari ile ya kwanza, lakini hakukaa bure. Alipata tuzo za Paris mara 10 kwa jumla, juu ya kujaa na kupwa kwa bahari, sumaku, nanga na mengineyo. Mwaka 1750 alipewa hatimaye kiti cha fizikia, na watu walijaa kumsikiliza kwa kuwa alionyesha mambo kwa vitendo badala ya kuyasema tu. Mwaka ule ule wa kitabu chake, 1738, alitoa pia andiko juu ya thamani ya fedha, akieleza kwamba sarafu moja ikiongezwa kwa maskini ina uzito kuliko ikiongezwa kwa tajiri. Wanaokumbuka senti mbili za mjane hawatashangaa, ila yeye aliitia katika hesabu. Na mwaka 1760 aliwasilisha hesabu juu ya ndui, iliyokuwa ikiua watoto wengi mno Ulaya. Alionyesha kwamba ingawa chanjo ya siku zile ilikuwa na hatari yake, watu wote wakichanjwa wangeongezewa wastani wa miaka 3 hivi ya kuishi. Ndui yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980, na wazee wenzetu wenye makovu usoni wanajua ilivyokuwa.

Husimuliwa kwamba siku moja katika safari ya ujana wake alizungumza njiani na msafiri asiyemjua, na alipoulizwa jina akasema yeye ni Daniel Bernoulli. Yule mtu akadhani anataniwa, akajibu kwamba basi yeye ni Isaac Newton. Yasemekana Daniel aliifurahia heshima hiyo kuliko tuzo zake zote. Alistaafu mwaka 1776, akafariki Basel tarehe 17 Machi 1782, mwenye miaka 82. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro, ambamo kumbukumbu ya baba yake imo pia.

Kazi iliyobaki ilifanywa na wengine. Mitaliano Venturi mwaka 1797 alichunguza bomba lililobanwa katikati, na hadi leo mita kubwa za maji hutumia mbano kama huo: hupimwa msukumo kabla ya mbano na ndani ya mbano, na tofauti yake hutaja maji yanayopita. Kabureta za pikipiki za zamani na bomba la kupulizia dawa ya mbu hunyonya mafuta au dawa kwa kanuni hiyo hiyo, ambapo hewa ikipita kasi hupunguza msukumo. Na lile la kukwaruza, ambalo Daniel hakuliweka katika hesabu, lilipimwa na Mjerumani Hagen mwaka 1839 na daktari wa Ufaransa, Poiseuille, karibu wakati huo huo, naye pia alianzia kwenye mwendo wa damu. Waliona kwamba katika mirija myembamba yenye maji yaendayo polepole, ukipunguza kipenyo kwa nusu, maji yanayopita hupungua hata yakabaki sehemu moja ya 16.

Katika mabomba yetu ya kijijini maji huenda yakijipinda na kuvurugika, wala hayatelezi kwa utulivu kama katika mirija ya Poiseuille, kwa hiyo hasara si kubwa kiasi hicho. Lakini ni kubwa. Kwa kimo kile kile na urefu ule ule, bomba la inchi 1 hupitisha karibu sehemu moja ya sita tu ya maji yanayopita katika la inchi 2. Yaani ndoo inayojaa kwa dakika 1 sasa itajaa kwa dakika 6. Usiku, koki zote zikiwa zimefungwa, bomba jembamba litaonyesha msukumo mzuri kabisa, na mtu akifungua kidogo yataruka, tukapongezana. Asubuhi muuguzi anapotaka maji ya kufulia mashuka ya wazazi, na bomba la shule limefunguliwa wakati huo huo, ndipo kimo chote kitakapoliwa njiani.

Mzee wetu tumekwisha kwenda kwake kumwamkia na kumweleza haya kabla hayajachapwa, tukamwambia na kosa letu la mpira wa maua. Alicheka, kisha akasema bado hajaamini. Ana haki hiyo. Tumekubaliana kwamba Jumamosi, kabla ya mkutano wa halmashauri, fundi ataleta vipande viwili vya bomba, cha inchi 1 na cha inchi 2, vya urefu mmoja, avifunge kwenye tangi la sakristia kimoja baada ya kingine. Sisi tutaleta ndoo ya lita 20 na saa yenye mshale wa sekunde. Tutaanza saa 3 asubuhi, na anayetaka kushika saa aje.